Bwana Hammarskjöld na Kiti Kilichowashinda Wakubwa

Mtu asimamaye Tunduma asubuhi, pale malori yanaposongamana kulielekea lango la Nakonde, huona mizigo ya namna mbili ikipishana. Iendayo ni mafuta, mbolea, mitambo na bidhaa za madukani. Irudiyo, ikiishika njia ya Vwawa na Mbeya hadi bandari ya Dar es Salaam, ni mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, yatokayo Ndola, Kitwe, Lubumbashi na Kolwezi. Dereva na utingo wake huijua barabara hiyo kama waijuavyo mikono yao. Huijua Kapiri Mposhi, na huijua Ndola. Lakini yamkini si wengi wao wajuao kwamba kando ya mji huo wa Ndola, katika msitu walimokuwa wakifanya kazi wachoma mkaa, ilianguka ndege usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, na ndani yake alikuwamo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wala si wengi wakumbukao kwamba kilichompeleka huko kilikuwa shaba hiyo hiyo.

Jina lake ni Dag Hammarskjöld, mtu wa Uswidi. Habari zake zatupasa sisi watu wa mpaka huu kuliko tunavyodhani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alifia jirani, katika ugomvi ulioamua nani ataitawala mali ya ardhi ya Afrika ya Kati. Ya pili ni kwamba maisha yake yaonyesha, waziwazi kuliko maisha ya mtu mwingine awaye yote, jinsi viti vya juu vya dunia vinavyogawanywa: nani hutajwa, nani hukataliwa, na kwa nini mara nyingi apataye si yule aliyetajwa kwanza.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, kitinda mimba wa wana wanne. Baba yake, Hjalmar Hammarskjöld, alikuwa Waziri Mkuu wa Uswidi tangu 1914 hata 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mzee huyo alikuwa pia mkuu wa jimbo la Uppsala, na mtoto akakulia katika ngome ya kale iliyo juu ya mji huo. Kwa hiyo hakuwa mwana wa mkulima wala wa mfanyakazi. Lakini kazi yake ya kwanza kubwa iliwahusu wafanyakazi, maana alikuwa katibu wa tume ya serikali iliyochunguza ukosefu wa kazi katika miaka ya 1930, wakati viwanda vya Ulaya vilipofungwa na watu kuzagaa njiani. Alipata shahada ya udaktari katika elimu ya uchumi. Mwaka 1936 akawa mtumishi mkuu wa Wizara ya Fedha, na tangu 1941 hata 1948 alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya Benki Kuu ya nchi yake. Hatimaye aliingia katika mambo ya nchi za nje, na mwaka 1951 akafanywa waziri asiye na wizara maalumu. Hakuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa. Hakuoa. Alipenda milima, vitabu na kimya.

Huyo ndiye mtu ambaye mataifa makubwa yalimwokota mwaka 1953, na namna walivyomwokota yafaa kuelezwa kwa urefu.

Katibu Mkuu wa kwanza, Bwana Trygve Lie wa Norwei, alikuwa amefika mahali pa kushindwa kufanya kazi. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, Warusi walimwona kuwa mtu wa upande wa Marekani. Walizuia asipendekezwe tena, naye akaongezewa muda na Baraza Kuu tu. Tangu hapo wakamtenga; hata barua walimkwepa yeye wakaiandikia ofisi. Kwa upande wa pili, huko huko Marekani, watumishi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakisakwa kwa tuhuma za ukomunisti. Mwezi wa Novemba 1952 Bwana Lie alitangaza kwamba atajiuzulu, naye akabaki kitini akimngoja mrithi.

Sheria ya Umoja wa Mataifa yasema kwamba Katibu Mkuu huteuliwa na Baraza Kuu baada ya kupendekezwa na Baraza la Usalama. Maneno hayo ni mepesi kusoma. Ndani yake mna fundo: kila mmoja wa wakubwa watano, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, aweza kulikata jina lolote kwa kura yake moja ya turufu. Wakati ule Baraza la Usalama lilikuwa na wajumbe 11, na kura 7 zilitosha, mradi mkubwa yeyote asikatae.

Mwezi wa Machi 1953 majina yakapigiwa kura. Nchi za magharibi zilimtaka Bwana Lester Pearson, waziri wa mambo ya nje wa Kanada. Alipata kura 9 kati ya 11, na ingawa kura hizo zilitosha na kuzidi, Urusi ilimkata. Marekani ilimleta Jenerali Carlos Romulo wa Ufilipino, akapata 5. Urusi ilimleta Bwana Skrzeszewski wa Poland. Akapata kura 1. Siku chache baadaye Urusi ikamtaja Bibi Vijaya Lakshmi Pandit wa India, dada yake Nehru. Akapata 2, na 8 wakajizuia. Msomaji na atazame hesabu hizo. Hapana mmoja katika hao aliyekosa elimu au uzoefu. Kila mmoja alikuwa na kosa moja tu, nalo ni kwamba alijulikana mno, na aliyejulikana alikuwa na rafiki, na mwenye rafiki alikuwa na adui.

Ndipo wakubwa walipoanza kukutana faraghani. Mjumbe wa Ufaransa na mjumbe wa Uingereza walitafuta watu wa nchi ndogo, watulivu, wenye sifa ya kazi za ofisini. Stalin alikuwa amekufa tarehe 5 Machi, na huko Moscow upepo ulikuwa umebadilika kidogo. Katika majina waliyopelekewa Warusi lilikuwamo la Hammarskjöld, nao wakasema hawana neno naye. Wamarekani hawakumfahamu sana, ikawabidi waulize habari zake. Tarehe 31 Machi Baraza la Usalama likampendekeza kwa kura 10, mmoja akijizuia. Mwenyewe hakuwa ameulizwa. Habari zilimfikia Stockholm usiku wa kuingia tarehe 1 Aprili, akadhani ni mzaha wa siku ile ya Wazungu ya kudanganyana. Baraza Kuu lilimteua tarehe 7 Aprili kwa kura 57 kati ya 60.

Waliomchagua walidhani wamempata karani mzuri. Walitaka mtu wa kuweka mafaili sawa na kutowasumbua, na kwa muda mfupi walidhani hivyo hivyo. Nasi tuseme ukweli kwamba hata leo, katika mabaraza mengi, mtu huchaguliwa kwa sababu hakuna amwogopaye.

Katika miaka ile Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Waingereza. Mwezi wa Machi 1955, Hammarskjöld akiwa Katibu Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere alisafiri mpaka New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Baraza lile nalo lilikuwa na viti vya kupimana kwa mizani: nusu ya wajumbe walikuwa nchi zitawalazo makoloni ya udhamini, na nusu nchi zisizotawala. Bila mizani hiyo, sauti ya mtu wa Tanganyika isingalipata mlango wa kuingilia. Ujumbe wa Baraza lile uliozuru nchi yetu mwaka 1954 ulikuwa umesema kwamba twaweza kupata uhuru katika miaka 20 au 25, neno ambalo Waingereza walilikasirikia. Tuliupata katika miaka 7.

Karani yule hakukaa sana katika ukarani. Mwezi wa Januari 1955 alikwenda Peking kuzungumza na Bwana Zhou Enlai juu ya marubani na askari 11 wa Kimarekani waliofungwa huko, ingawa China ya Peking haikuwa na kiti katika Umoja wa Mataifa. Wafungwa hao wakaachiliwa mwezi wa Agosti. Mwaka 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, aliunda kwa siku chache jeshi la kwanza la kulinda amani, jambo ambalo halikuwapo katika kitabu chochote cha sheria. Aliyelitoa wazo hilo barazani alikuwa Lester Pearson, yule yule aliyekatwa kwa kura ya turufu mwaka 1953. Hivyo wagombea wawili wa kiti kimoja walifanya pamoja kazi ambayo pengine kila mmoja peke yake asingaliiweza. Mwaka 1957 Hammarskjöld akateuliwa kwa muhula wa pili, wala hakuna aliyempinga.

Sasa twafika Kongo, na hapa sifa zake zachanganyika na lawama.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache tu baadaye askari waliasi, majeshi ya Ubelgiji yakarudi bila kuitwa, na tarehe 11 Julai Moise Tshombe akatangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Katanga ndiyo iliyokuwa na shaba, na kampuni kubwa ya madini, Union Minière, ilimlipa Tshombe kodi ambayo ilikuwa haki ya serikali ya nchi nzima. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Hammarskjöld aliliita Baraza la Usalama, na katika muda wa siku chache askari wa kofia za buluu wakaanza kuwasili. Hatimaye wakafikia kiasi cha 20,000.

Lumumba alitaka jeshi hilo liivunje Katanga. Hammarskjöld alisema halikupewa amri ya kuingia katika ugomvi wa ndani. Mwezi wa Agosti alikwenda mwenyewe Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi leo, akazungumza na Tshombe pasipo Lumumba. Lumumba hakumsamehe kwa hilo, wala Waafrika wengi hawakumsamehe. Mwezi wa Septemba Rais Kasavubu alipomfukuza Lumumba, wakuu wa Umoja wa Mataifa mjini Leopoldville walifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio. Walisema ni kwa ajili ya usalama. Lakini Kasavubu alikuwa na redio ya ng'ambo ya mto, huko Brazzaville, na Lumumba hakuwa nayo. Basi kufunga huko kulimkaba mmoja kuliko mwenzake. Sioni njia ya kumtoa Hammarskjöld katika lawama hiyo, hata kama amri yenyewe ilitolewa na wasaidizi wake.

Kisha kukawa na ugomvi wa kiti. Wajumbe wa Kasavubu na wajumbe wa Lumumba wote walidai kukaa katika nafasi ya Kongo huko New York. Nchi za magharibi zilikwenda mlango hadi mlango kuzishawishi serikali ndogo, na tarehe 22 Novemba 1960 kura zikawa 53 kwa 24, 19 wakijizuia. Watu wa Kasavubu wakaketi. Siku 5 baada ya kura hiyo Lumumba aliitoroka nyumba yake iliyokuwa ikilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, akakamatwa na askari wa Mobutu njiani, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Watu husema kwamba kura za mabaraza ni karatasi. Ile ya Novemba ilimwondolea Lumumba tumaini lake la mwisho la kurudi madarakani kwa njia ya sheria.

Wakati huo huo kiti cha Hammarskjöld mwenyewe kilikuwa kikitikiswa. Katika Baraza Kuu la mwaka 1960, mwaka ambao nchi 16 za Afrika ziliingia, Bwana Khrushchev wa Urusi alitaka kazi ya Katibu Mkuu ifutwe, na mahali pake liwekwe baraza la watu watatu: mmoja wa magharibi, mmoja wa nchi za kikomunisti, mmoja wa nchi zisizofungamana. Shauri hilo liliitwa troika, kwa jina la gari la Kirusi livutwalo na farasi watatu. Lilikuwa na mvuto wake, maana lilionekana kuipa kila jamaa ya mataifa kiti chake. Lakini kila mmoja wa watatu angaliweza kumzuia mwenziwe, na farasi watatu waendao njia tatu hawafiki popote. Tarehe 3 Oktoba Khrushchev alimtaka ajiuzulu. Hammarskjöld alijibu jioni ile kwamba hatatoka, kwa kuwa wenye haja na Umoja wa Mataifa si wakubwa, ambao waweza kujilinda, bali ni mataifa mengine yote. Ukumbi ulipiga makofi kwa muda mrefu. Nchi nyingi za Afrika na Asia, hata zilizomnung'unikia juu ya Lumumba, zilikataa troika.

Mwezi wa Septemba 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza kupigana na askari wa Katanga waliokuwa chini ya maofisa wa kukodiwa wa Kizungu. Hammarskjöld alitaka mapigano yakome. Tshombe alikubali kuonana naye Ndola, katika Rodizia ya Kaskazini iliyokuwa chini ya Waingereza. Tarehe 17 Septemba jioni aliondoka Leopoldville kwa ndege iliyoitwa Albertina, watu 16 wakiwa ndani. Muda mfupi baada ya saa 6 usiku ndege ilipita juu ya uwanja wa Ndola, ikageuka ili itue, ikaanguka msituni kiasi cha kilometa 15 kutoka uwanjani. Wakuu waliokuwa wakimngoja walisema labda ameamua kwenda kwingine, wakaenda kulala. Mabaki ya ndege yalitangazwa kuonekana saa 9 alasiri ya siku ya pili. Mtu mmoja, askari wa ulinzi Harold Julien, alikutwa hai, akafa hospitali baada ya siku chache.

Usiku ule wachoma mkaa walikuwa msituni. Baadhi yao walisema waliona ndege nyingine ndogo angani, na mwanga, kabla ile kubwa haijaanguka. Wachunguzi wa Rodizia waliyasikiliza maneno yao, wakayaweka kando, wakaandika kwamba rubani alikosea kipimo cha urefu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikuthibitisha wala haikukanusha. Mashahidi walikuwa Waafrika maskini katika nchi ya wakoloni, na neno lao lilipimwa kwa mizani ya ngozi zao.

Kufa kwake kulifungua tena soko la majina. Warusi walirudia habari ya troika. Mongi Slim wa Tunisia alitajwa, lakini nchi yake ilikuwa imetoka kupigana na Ufaransa huko Bizerte miezi miwili tu iliyopita. Mabishano yalichukua zaidi ya majuma 6, nusu yake juu ya idadi ya wasaidizi na mahali watakapotoka. Tarehe 3 Novemba U Thant wa Burma akakubaliwa kushika kazi kwa muda. Huyo ndiye aliyekuwa kitini Tanganyika ilipoingia Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1961, ikiwa mwanachama wa 104. Hammarskjöld alikosa kuiona siku hiyo kwa miezi mitatu. Nishani ya Nobel ya amani ilitolewa kwa jina lake, naye tayari alikuwa amezikwa Uppsala.

Sisi Watanzania tulikuja kuuonja mchezo ule wenyewe mwaka 1981. Mgombea wa Afrika alikuwa Ndugu Salim Ahmed Salim, waziri wetu wa mambo ya nje, akishindana na Kurt Waldheim wa Austria aliyetaka muhula wa tatu. Baraza la Usalama, sasa likiwa na wajumbe 15, lilipiga kura mara 16. Kila mara Marekani ilimkata Salim, na kila mara China ilimkata Waldheim. Wengi husema Wamarekani walikuwa hawajasahau furaha ya mjumbe wetu siku ya 25 Oktoba 1971, China ya Peking ilipopewa kiti chake. Mwezi wa Desemba Bwana Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa akishika urais wa Baraza, aliwaomba wote wawili wakae pembeni, akapitisha majina mengine kwa karatasi za kupima maoni kabla ya kura yenyewe. Akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Ilikuwa 1953 tena, isipokuwa safari hii aliyejulikana mno alikuwa mwenzetu.

Habari za Ndola hazikuzikwa. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alichapisha kitabu kilichoamsha maswali ya zamani, na tume ya wanasheria chini ya Jaji Stephen Sedley wa Uingereza ilitoa taarifa mwaka 2013 baada ya kuwatafuta wachoma mkaa waliokuwa wangali hai na kuwasikiliza. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimweka Mtanzania kuongoza uchunguzi mpya, naye ni Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Ameandika kwamba yawezekana ndege ile ilishambuliwa au kutishiwa kutoka angani, na kwamba ushahidi wa watu wa msituni haukustahili kutupwa. Katika taarifa zake, ile ya 2024 ikiwamo, amesema kwamba baadhi ya serikali zenye kumbukumbu za siri za mwaka 1961, nazo amezitaja kwa majina, hazijafungua makabati yao yote. Uingereza ni mojawapo, na Marekani, na Afrika ya Kusini.

Mahali ndege ilipoangukia pamehifadhiwa, nje kidogo ya Ndola. Kutoka Tunduma, kwa reli ya TAZARA, ni kiasi cha kilometa 885 hadi Kapiri Mposhi, kisha mwendo wa saa chache kwa barabara ile ile irudiyo na shaba.